Nina watu wengi kwenye simu ila wa karibu simuoni, ni maisha ya kuhamahama au ni mimi?

MhamajiMzoefu

Wakuu habari za muda huu. Naomba tuongee kitu kinachonisumbua siku nyingi na sijawahi kukiona kikijadiliwa vizuri, kila mtu anaongelea mapenzi ya mbali tu utadhani marafiki na ndugu umbali hauwagusi.

Mi ni mtu wa kuhama. Nimekua hivo, mzee alikuwa anahamishwa kikazi tunafungasha, nilipojitegemea nikaendelea mwenyewe, chuo mji mwingine, kazi ndo usiseme. Na kila nilikofika nilipata watu, tena haraka, hilo halinipi shida kabisa, naweza kukaa na mtu nisiyemjua nusu saa akanieleza mpaka matatizo ya ndoa yake. Nikiondoka tunaagana vizuri, tunaahidiana kutafutana, na tunatafutana kweli mwezi wa kwanza, wa pili, halafu inabaki kuangaliana stetasi na kutakiana heri ya kuzaliwa.

Juzi nilikuwa najaza fomu ya kazini, ikafika ile sehemu ya mtu wa kutafutwa ukipata dharura. Jina, uhusiano, namba ya simu. Nikaandika dada angu. Alafu nikakaa nikaiangalia, dada angu yuko nchi nyingine kabisa, nikianguka hapa saa nane usiku wakampigia yeye atafanya nini zaidi ya kulia? Nikafuta. Nikaanza kupitia majina kwenye simu, ni mengi, na ninaowapenda kweli wamo, ila kila ninayempenda yuko mbali na kila aliye karibu sijamzoea kiasi cha kumuamsha usiku. Mwisho nikamwandika jirani, na jina lake la pili ilibidi nikagonge mlango nimuulize.

Sasa naomba mawazo. Hii jamii ya sasa ambayo kila mtu yuko njiani, leo huku kesho kule, inaua ukaribu au inaubadilisha tu? Na nyie mliohama sana mnafanyaje kubaki na watu? Naomba msiniambie nioe, maana nikioa nitahama naye na yeye ndo atabaki kuwa mtu wangu pekee, naona hiyo ni hatari nyingine.

mzee_wa_pembeni

Pole mkuu ila huo ndo utu uzima. Mi sijahama tangu nizaliwe na marafiki sina vilevile hahaha. Nakaa hapa nasubiri wajuzi.

binti_wa_maktaba

Mleta mada mi naona unachanganya kuzoeana na kuwa karibu. Kuzoeana unakuweza, umesema mwenyewe. Ukaribu ni masaa, basi, na masaa hayana njia ya mkato.

Kuna mtafiti wa Chuo Kikuu cha Kansas kule Marekani anaitwa Jeffrey Hall, mwaka 2018 alitoa kazi yake kuhusu watu waliotoka kuhama na wanafunzi wa mwaka wa kwanza chuoni, akakuta kutoka kufahamiana tu mpaka kuwa marafiki wa kawaida ni kama masaa 50 ya kuwa pamoja, mpaka muitane marafiki kweli kama 90, na yule wa kufa na kuzikana ni zaidi ya masaa 200. Na masaa mnayokaa pamoja kwa sababu ya kazi hayana uzito ule wa masaa ya kukaa tu, mnataniana, mnapiga stori zisizo na kichwa wala miguu. Sasa piga hesabu, mtu mzima mwenye kazi na majukumu akipata masaa mawili kwa wiki ya kukaa na mtu mmoja ana bahati, kwa mwendo huo masaa 200 ni karibu miaka miwili. Wewe ukishakaribia hiyo miaka miwili unahamishwa. Kwa hiyo sio kwamba moyo wako umekufa, kila mara unaondoka hesabu ikikaribia kutimia, unaenda kuanza sifuri.

Na kuna kitu kingine ambacho mi naona kinauma zaidi ya hayo masaa. Mwaka 1950 Leon Festinger na wenzake walichapisha utafiti wa nyumba za wanafunzi waliooa pale MIT, chuo cha teknolojia kulekule Marekani, wakaona watu wanakuwa marafiki hasa na wa mlango wa pili, wa mwisho wa korido wanajulikana kwa mbali, na waliokaa karibu na ngazi ndo waliojuana zaidi na watu wa ghorofa ya juu. Hakuna aliyemuwekea mwenzie miadi, walikuwa wanapishana tu. Mtu wa kuhamahama anapoteza hicho kitu, rafiki zake wametawanyika kwa hiyo kila kukutana ni mpango, unatuma meseji wiki ijayo una nafasi, unajibiwa ngoja nicheki, siku ikifika wote mmejiandaa mmevaa vizuri mnapeana muhtasari wa maisha utadhani mnasoma taarifa ya habari, kazi inaendaje, watoto wako wapi, mzee anaendeleaje, mkimaliza muhtasari mnaangalia saa. Hakuna anayesema kile kitu kidogo cha kijinga kilichomkera asubuhi, maana ukimuona mtu mara moja kwa mwaka unaona aibu kupoteza muda wenu kwa kitu kidogo, wakati ni hivo vidogo ndo vinafanya mtu akujue.

aliyebaki

Ngoja na sisi tuliobaki tuseme maana kila siku wanaosikilizwa ni wanaoondoka.

Sijahama mimi. Tulikuwa kundi la jioni, mpira, tunagawana timu mbili na wengine wanasubiri nje waingie. Mmoja akapata shule nje, mwingine kazi, mwingine akaoa akahamia kwa watu wa mke wake, tukaanza kucheza timu pungufu, tukaanza kuomba watoto wa jirani watujazie, mpaka jioni moja tukajikuta tumefika watatu, tukapigiana pasi kidogo kila mtu akarudi kwake na hakuna aliyesema kitu. Na hatukugombana na yeyote! Hakuna wa kulaumiwa hata mmoja, ndo kinachochosha, ukigombana na mtu angalau unajua kwanini hamuonani.

Anayeondoka anaenda kukuta vitu vipya, barabara mpya, watu wapya, hata huzuni yake inapata kazi ya kufanya. Mimi naachwa na palepale. Wakija likizo wanataka kutuona wote kwa siku moja, unapewa dakika zako, unapigwa bega "aisee hujabadilika", kesho kutwa yuko uwanja wa ndege.

Sasa kinachonitisha mimi ni hiki. Kahamia mpangaji mpya hapa, jamaa mtu poa kabisa, anacheka vizuri, ana maneno. Na kichwani mwangu kabla hata hajamaliza kujitambulisha nishajiambia huyu mkataba ukiisha anaondoka, salamu inamtosha. Nimekataa urafiki ambao haujaanza. Kwa hiyo usidhani kuhama kunawagusa wanaohama tu, hata sisi ambao hatujasogea tumeanza kuishi kama wapita njia.

mzee_wa_pembeni

Hapo kwenye kukataa urafiki ambao haujaanza umenimaliza. Ndo mimi huyo.

mchambuzi_huru

Samahanini wakuu ila mnaibebesha kuhama lawama zote. Chukueni Marekani ambako hizi habari zimepimwa muda mrefu. Miaka ya 1950 na 1960 karibu mtu 1 kati ya 5 alikuwa anabadilisha makazi kila mwaka. Siku hizi ni chini ya mtu 1 kati ya 10. Yani wamepunguza kuhama zaidi ya nusu, na bado mwaka 2023 mganga mkuu wa serikali yao, Vivek Murthy, akatoa waraka mzima kuhusu upweke. Kama kuhama ndo ugonjwa basi dozi imepungua na mgonjwa hajapona. Na tukisema dunia nzima inavuka mipaka tunazidisha pia, hesabu ya Umoja wa Mataifa ya mwaka 2024 ni watu kama milioni 304 wanaoishi nje ya nchi walikozaliwa, hiyo ni asilimia 3.7 tu ya watu wote. Wanaohama ndani ya nchi zao ni wengi zaidi sawa, ila sio kila mtu yuko njiani kama mleta mada anavyosema.

Halafu kuna hii. Mwaka 2018 kundi la watafiti akiwemo Robert Thomson na Masaki Yuki walitoa utafiti wa nchi 39, walikuwa wanapima ni kwa kiasi gani watu wa sehemu fulani wana uhuru wa kukutana na watu wapya na kuchagua wa kuwa nao na kuwaacha wasiowataka. Ungetegemea kule kwenye uhuru huo watu wawe baridi, si wanajua wanaweza kubadilisha? Ikawa kinyume. Kule ndo watu wanaelezana mambo ya ndani zaidi na wako karibu zaidi na wanaaminiana hata na wasiowajua. Na ukifikiria inaingia akilini, pale ambapo rafiki anaweza kuondoka muda wowote inabidi umshike, umwambie unamthamini, umsaidie kabla hajaomba. Pale ambapo mmefungwa pamoja maisha yote hakuna haja ya kuhangaika, ataenda wapi.

Kwa hiyo jibu langu kwa mleta mada, haiui. Inakulazimisha ufanye kazi ambayo zamani mahali ulipozaliwa palikufanyia bure.

MhamajiMzoefu

Mkuu mchambuzi nimekusoma na takwimu sibishi. Ila hapo kwenye kuelezana mambo ya ndani nakukatalia. Mi nimeelezwa siri na watu ambao majina yao nimeshasahau. Kwenye haya maisha watu wanafungua roho haraka sana kwa sababu kila mmoja anajua muda ni mfupi, na pengine kwa sababu anajua sitakuwepo mwakani kumkumbusha alichosema. Siri ninayo, yeye simjui. Hajawahi kunikopa akachelewa kulipa tukanuniana. Hajaniona nimekosea mbele ya watu.

Na hapa ndo nataka niseme kitu nilichokuwa sijakipatia maneno mpaka niliposoma comenti ya aliyebaki. Sijawahi kugombana na rafiki mpaka mwisho. Mpaka tukafika chini kabisa tukarudi. Kila ukianza ukakasi, mmoja wetu barua ya uhamisho inamkuta, tunakumbatiana tunasameheana juujuu tunaachana. Kwa miaka yote najisifu sina ugomvi na mtu. Sasa najiuliza kuna mtu hata mmoja anajua nikikasirika kweli nakuwaje.

nimetoka_salama

Mi nitakuwa mbaya wenu humu. Mnaongelea kukaa pamoja maisha yote kama vile lazima iwe tamu. Nilikotoka mimi kila mtu alikuwa ananijua, na kunijua kwenyewe ni kunijua nilivyokuwa na miaka kumi na mbili, nikibadilika wanaona naigiza. Ukinunua nguo mpya inajadiliwa. Ukikaa kimya unaulizwa unaringa nini. Rafiki "wa karibu" aliyekuwa ananipeleka peleka kwa watu nimekaa naye miaka kwa sababu tu mama zetu walikuwa marafiki, hata siku moja hatukuwahi kupendana, tulikuwa tumepangiwa.

Kuhama ndo kulinipa marafiki niliowachagua mwenyewe. Hawakai wengi ni kweli. Ila aliyekaa, amekaa kwa sababu ananitaka. Na hata wale wa juujuu msiwadharau, mwanasosholojia Mark Granovetter alishaonyesha tangu 1973 kwamba watu wengi taarifa ya kazi wanaipata kwa mtu wanayefahamiana naye kwa mbali kuliko kwa rafiki wa chumbani, maana rafiki wa chumbani anajua yaleyale unayojua wewe. Kazi niliyonayo niliambiwa na mtu tuliyekaa naye meza moja kwenye semina.

Ila ugomvi wa mleta mada naukubali. Hapo hata mimi sina jibu.

MamaWawili

Mleta mada ulipogusa suala la kuoa nikasema huyu kijana anajua anachokiongea.

Mi nahama na mume wangu kwa ajili ya kazi yake. Mkifika sehemu mpya miezi ya mwanzo mko wenyewe tu, na hapo mume anakuwa mume, anakuwa shoga yako, anakuwa dada, anakuwa jirani, anakuwa mtu wa kukwambia hiyo nguo haijakukaa. Hakuna binadamu anayeweza hizo kazi zote jamani. Na kibaya zaidi siku akinikera, mtu wa kumweleza kwamba mume wangu kanikera ni mume wangu. Zamani ningeenda kwa dada mmoja tulikuwa tunakaa nyumba za kukaribiana, nikalalamika wee, akanisikiliza huku anakunja nguo zake, akaniambia wako huyo afadhali ungemuona wangu, nikacheka, nikarudi nyumbani hasira zimeisha na mume hata hajui alikuwa na kesi. Sasa hivi kila kesi inaenda mahakama kuu moja kwa moja. Nasikia watu wanasema ndoa za siku hizi watu hawavumiliani, mi nasema ndoa za siku hizi zimeachwa peke yake.

Na watoto nao. Wa kwanza mchangamfu, ukimpeleka shule mpya jioni anarudi na kundi. Wa pili mkimya. Tulipohama mara ya mwisho nikamuuliza unakaa na nani darasani, akasema na mvulana. Anaitwa nani? Sijui. Nikaacha, nikajua ni mgeni bado. Ikapita muda, nikamuuliza tena yule mvulana vipi, akasema yupo, ana kalamu nyingi za rangi, ananiazima. Jina lake? Sijui mama. Yani anajua kalamu zake zina rangi ngapi, jina hataki kulijua. Nikaelewa huyu kaamua. Baadaye nikaja kusoma kuna utafiti wa 2010 wa Shigehiro Oishi na Ulrich Schimmack wa maelfu ya watu wazima Marekani, waliohama mara nyingi utotoni hawakuridhika na maisha yao kama wenzao na mahusiano ya maana walikuwa nayo machache, lakini hiyo ilikuwa hasa kwa wale wakimya, wachangamfu haikuwagusa sana. Nilivyosoma nilimuona mwanangu kabisa.

Kwa hiyo mchambuzi_huru takwimu zako ni nzuri ila ukisema "inakulazimisha ufanye kazi", kuna watu hiyo kazi hawaiwezi. Sio wavivu. Wameumbwa wanahitaji muda mrefu, na muda ndo kitu wanachonyang'anywa.

mchambuzi_huru

Mama umenipata hapo. Jamii ya kuhamahama inawapa ushindi wale wenye midomo. Naongeza hiyo kwenye hoja yangu.

simu_mezani

Naona hakuna aliyejibu lile swali la pili, mnafanyaje. Mi nitajibu kwa nilichokiona kinafanya kazi.

Kwanza ukubali huwezi kubaki na wote. Robin Dunbar, mtafiti wa Uingereza, anasema watu wetu wamekaa kwa matabaka, wa ndani kabisa kama 5, kisha kama 15, 50, mpaka 150 huko nje. Mtu akihama anajaribu kuwabeba wote 50, anatuma meseji za jumla kwa wote, mwisho anapoteza mpaka wale 5. Chagua. Ndio inauma kuchagua watu kama unachambua mizigo, ila usipochagua umbali utakuchagulia.

Pili, na hii ni kwa wanaume wenzangu. Huyo huyo Dunbar na Sam Roberts waliwafuatilia vijana 30 Uingereza kwa miezi 18, kipindi wanamaliza sekondari wanaenda chuo. Ndugu walibaki karibu karibu vilevile hata wasipotafutana sana, marafiki ndo waliporomoka. Na walioweza kuzuia kuporomoka, wasichana ilikuwa kwa kuongea, wavulana kuongea hakukuwasaidia, kilichowasaidia ni kufanya kitu pamoja. Kwa hiyo we mwanaume unayempigia rafiki yako simu mnabaki "mambo", "poa", "lete habari", "za kwako tu", usijilaumu, hiyo sio njia yenu. Mi na jamaa yangu tuliacha kupigiana ili tuongee. Jumapili asubuhi kila mtu anafanya usafi kwake, simu iko mezani spika imewashwa, tunaongea tukiwa na la kuongea, tukiwa hatuna inapita hata robo saa hakuna neno, nasikia tu anaburuza viti, anamfokea paka, anauliza hivi umeweka wapi ufagio kisha anakumbuka mimi sipo pale. Siku nyingine hatuongei cha maana chochote. Ila najua paka wake kaumwa mguu, najua kabadilisha kitanda. Yale mambo madogo aliyosema binti_wa_maktaba ndo yamerudi kupitia hapo.

Tatu, ombana vitu. Mkishahamiana mbali kila mtu anakuwa na heshima nyingi, hataki kusumbua. Mi nilimpigia jamaa kumuomba anisomee barua ya kuomba kazi kabla sijaituma, angeweza kunisomea mtu yeyote. Akaikosoa vibaya tukabishana karibu saa zima. Mleta mada wewe unayetafuta ugomvi, anzia hapo.

aliyebaki

Ya Jumapili nimeichukua. Kuna mmoja wa lile kundi la mpira yuko mbali huko, wikendi hii namjaribu, akiniona chizi nitasema nimeambiwa na mtu wa mtandaoni.

binti_wa_maktaba

Nina swali mimi, nimekuwa nalo tangu MamaWawili alipoandika. Kuna mtu yeyote humu amewahi kukataa kazi au shule kwa sababu ya marafiki? Sio mke, sio watoto, sio mzazi mgonjwa. Marafiki.

Maana naona mtu akisema sihami mke wangu hawezi kuacha kazi, wote tunaelewa. Akisema mama mzee, tunaelewa, tunamsifu. Ofisi ikikuhamisha inaweza kulipia mizigo ya familia yako. Nchi nyingi zina utaratibu wa viza ya kumfuata mume au mke au mtoto, hakuna niliyoisikia ina viza ya kumfuata rafiki. Kwenye mipango yote ya kuhama rafiki hahesabiwi kabisa, ni mtu wa kuagwa tu. Halafu baadaye tunashangaa mbona marafiki hawapo, si tuliwaweka kwenye fungu la vitu vya kuacha?

nimetoka_salama

Sijawahi, na mtu akiniambia amekataa kazi kwa ajili ya marafiki kitu cha kwanza ningefikiria ana matatizo. Sasa umenifanya nijiulize kwanini ningefikiria hivyo wakati akisema mpenzi wake wa miezi sita nisingeshtuka.

mzee_wa_pembeni

Mi nilikataa.

Nilipewa nafasi nyingine mji mwingine, cheo na kila kitu. Bosi akaniuliza sababu nikamwambia mama hali yake sio nzuri. Mama alikuwa mzima anatembea zake. Ningemwambia ukweli, kwamba kuna watu wawili hapa nimekaa nao tangu shule na sioni nitawapata wapi wengine kwa umri huu, angeniona mtoto.

MhamajiMzoefu

Mzee si ulisema marafiki huna??

mzee_wa_pembeni

Nilisema sina, sikusema sikuwahi kuwa nao. Mmoja alifariki. Wa pili alihama, haikupita muda mrefu tangu nikatae.

MamaWawili

Jamani pole kaka. Alikuwa anajua kwamba wewe ulikataa ya kwako?

mzee_wa_pembeni

Hapana sikumwambia. Alinipigia kuniomba ushauri kabla hajajibu, nikamwambia aende. Ningesema nini dada, mshahara walikuwa wanampa mara mbili na ana watoto wanasoma. Hiyo habari ya simu mezani siku ya usafi ndo naisikia leo, yeye tunapigiana sikukuu.

simu_mezani

Mzee Jumapili ni keshokutwa.